Taya za Blake na Jiwe la Jibondo

Jibondo ni kisiwa cha jiwe. Kiko kusini mwa kisiwa kikuu cha Mafia, jirani na Juani, na karibu chote ni matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba tangu enzi ambazo bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo sasa. Udongo ni haba. Kwa miaka mingi maji ya kunywa yamekuwa ya mvua, au ya kuvushwa kwa chombo kutoka kisiwa kikuu. Watu wake wanaishi kwa bahari: samaki, pweza, na uundaji wa mashua na majahazi uliowapa mafundi wa Jibondo jina pwani nzima.

Kisiwa kama hicho hakikosi mawe, kinakosa kokoto. Zege halikorogwi kwa jabali; jiwe sharti livunjwe hadi lifikie ukubwa wa dole gumba, na kazi hiyo katika pwani yetu imefanywa kwa nyundo tangu saruji ilipoingia. Kunduchi, Dar es Salaam, kwenye machimbo ya jiwe la jamii hiyo hiyo ya matumbawe, wagonga kokoto hukaa chini kutwa: jiwe juu ya jiwe, piga, geuza, piga tena. Vumbi linaingia kifuani, vipande vinaruka machoni.

Sasa tumtunge fundi mmoja wa Jibondo, wa kufikirika, anayejua tezo na keekee kuliko spana, lakini aliyeamua kuunda mashine ndogo ya kuvunja mawe. Amepata injini ya dizeli ya silinda moja, ya aina inayopozwa kwa upepo, maana kisiwani kwake maji hayachezewi. Juu ya fremu amefunga taya mbili za chuma. Chini ya taya, shafti yenye nyundo zinazozunguka. Upepo wa moto unaotoka kwenye injini ameuelekeza kwa bomba la bati upite kati ya taya na nyundo. Mashine inafanya kazi. Jamaa zake wanamwambia akaisajili kabla hajaibiwa. Je, atapewa hataza, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi wake?

Mchunguzi wa hataza haendi Jibondo kuitazama mashine. Hasikii mlio wake wala haoni kokoto zake. Anachosoma ni karatasi: maelezo, michoro, na juu ya yote ile sehemu iitwayo madai, yaani sentensi zinazotaja kwa ukamilifu ni nini hasa mwombaji anasema ni chake. Ulinzi wote unakaa humo. Kitu ambacho hakikutajwa kwenye madai, hata kama ndicho kinachoifanya mashine iwe nzuri, hakina mwenyewe. Kwa fundi wa chombo hili ni gumu kuliko kuchomelea, kwa sababu jahazi la pwani huundwa kwa jicho na mkono, bila ramani iliyochorwa. Ukimuuliza fundi kwa nini ubao ule umepinda vile, atakuonyesha. Ofisi ya hataza haitaki kuonyeshwa.

Madai hayo yakishaandikwa, mchunguzi huuliza mambo matatu ambayo sheria karibu zote duniani zinayauliza, ikiwamo Sheria ya Hataza ya Tanzania ya mwaka 1987: je, ni kitu kipya, je, kina hatua ya uvumbuzi, je, kinaweza kutumika katika uzalishaji? La tatu halina taabu. Kuvunja mawe ni kazi ya viwandani bila ubishi. Vita viko kwenye mawili ya kwanza, na adui wa fundi wetu huko ni Mmarekani aliyekufa zamani.

Mwaka 1852 mji wa New Haven, jimbo la Connecticut, ulitaka kuweka kokoto kwenye barabara yake ya kwenda Westville, na Eli Whitney Blake akapewa jukumu la kusimamia. Mjomba wake ndiye Eli Whitney aliyebuni mashine ya kuchambua pamba. Blake aliona vibarua wakigonga mawe kwa nyundo na akashangaa kwamba hakuna mashine ya maana ya kazi hiyo. Ilimchukua miaka kadhaa. Tarehe 15 Juni 1858 alipewa hataza ya Marekani namba 20,542.

Ukiifungua hataza hiyo na kutafuta kitu ambacho hakikuwapo duniani kabla ya Blake, utatoka mikono mitupu. Taya zinazobana zilikuwapo. Gurudumu zito la kuhifadhi nguvu lilikuwapo. Vile vibao viwili vilivyoungana kwa pembe butu, ambavyo ukivisukuma katikati vinajinyoosha na kutoa nguvu kubwa kwenye ncha zake, wapiga chapa walikuwa wakivitumia kwenye mitambo yao ya kuchapia vitabu. Alichodai Blake ni mchanganyiko: taya mbili zilizosimama wima zikikaribiana kuelekea chini, shafti inayozunguka, na utaratibu wa kuipa taya moja mwendo wenye kipimo kisichobadilika. Hicho kipimo ndicho roho ya jambo. Nyundo hupiga kwa nguvu ya mpigaji na kuishia popote. Taya ya Blake husogea kidogo, umbali ule ule kila mara, liwe jiwe gumu au laini. Jiwe likipasuka linashuka hadi pale nafasi inapolibana tena, linapasuka tena, hadi linapita mdomo wa chini. Ukubwa wa kokoto unaamuliwa na upana wa mdomo, wala si mkono wa mtu.

Kuna fizikia nzuri hapa. Jiwe linastahimili sana kubanwa na halistahimili kuvutwa. Likibanwa kati ya ncha mbili, sehemu yake ya katikati huvutika kwenda pembeni, na ufa huanzia kwenye kasoro iliyokuwamo tangu mwanzo. Mwingereza Alan Arnold Griffith alieleza mwaka 1921, kwa majaribio ya kioo, kwa nini nyufa ndogo zisizoonekana ndizo zinazoamua nguvu ya kitu kizima. Pembe kati ya taya nayo ina mpaka wake: ikizidi sana, msuguano hautoshi kulishika jiwe, nalo huteleza juu na kumrukia mlishaji. Ndiyo maana watengenezaji huishia kwenye nyuzi 20 na kitu.

Jiwe la Jibondo lina tabia zake. Ni kalsiamu kaboneti, laini kwenye kipimo cha Mohs, madini yake yakiwa kati ya 3 na 4, ilhali kwazi iliyomo kwenye matale ya bara ni 7. Kwa hiyo nyundo za chuma haziliki haraka. Lakini limejaa vinyweleo, mashimo na kombe, na kila tundu ni ufa unaosubiri. Ukilipiga linavunjika upesi, na linatoa unga mwingi kuliko unavyotaka. Unga huo ukinyonya unyevu wa bahari hugandamana na kuziba mashine. Mahali penye mto ungeuosha. Jibondo huwezi kuosha kokoto kwa maji ya kunywa, na ukiziosha kwa maji ya bahari unaongeza chumvi, ambayo ndani ya zege hula nondo.

Ndiyo sababu fundi wetu akaingiza upepo: unga upeperushwe ukiwa mkavu, kama apepetavyo mtu mchele kwenye ungo, kabla haujazifikia nyundo. Wazo zuri. Mchunguzi analipokeaje?

Kwanza anafungua makabati ya dunia. Hataza zimepangwa kwa mfumo mmoja wa kimataifa uliotokana na Mkataba wa Strasbourg wa mwaka 1971, na mashine za kuponda na kusaga ziko chumba kiitwacho B02C. Za taya ziko B02C 1, za nyundo B02C 13. Halafu kuna kona iitwayo B02C 23/24: kupitisha hewa au gesi kwenye sehemu ya kuvunjia. Yaani watu wamepuliza upepo ndani ya mashine za aina hii kwa wingi hadi wazo hilo likatengewa rafu yake. Dai la kwanza la fundi, kama ameandika tu "mashine ya kuvunja mawe yenye nyundo na upepo wa kuondoa vumbi", linakufa hapo hapo. Waraka mmoja wenye vipengele vyote unatosha kuua upya, hata uwe wa Kijapani, hata uwe umechapishwa kabla babu yake hajazaliwa.

Hata waraka wenyewe si lazima. Fundi anaweza kujiua mwenyewe. Mashine ikiwekwa kwenye banda la maonyesho ya biashara ya Sabasaba, au video yake ikisambaa kwenye simu kabla ya ombi kupelekwa, imeshajulikana kwa umma. Sheria nyingi zina mwanya wa huruma, kwa mfano kwa maonyesho yanayotambuliwa rasmi, lakini mwanya huo ni wa miezi tu na masharti yake yanabana. Huwa naona uchungu ninapoona mashindano ya wabunifu ambapo kijana anafungua mashine yake mbele ya kamera, anaeleza kila boliti, na hakuna aliyemuuliza kama ameshawasilisha karatasi.

Basi fundi analibana dai: taya juu, nyundo chini, katika fremu moja. Mchunguzi anapata waraka mmoja wa mashine ya taya na mwingine wa nyundo, na anauliza swali la pili: je, fundi wa kawaida mwenye nyaraka zote mbili mezani asingeziunganisha? Waingereza walilijibu swali hili mwaka 1890 katika kesi ya Williams na Nye. Mtu alichukua mashine ya kusaga nyama na mashine ya kujaza soseji akaziweka pamoja. Mahakama ikasema kila moja inafanya kazi yake ile ile ya zamani; kuziweka jirani si uvumbuzi. Nadhani uamuzi ule ulikuwa wa haki, na ndio unaomtenganisha Blake na msagaji soseji: vipande vya Blake vilihitajiana, kimoja kikawezesha kingine kufanya jambo ambalo peke yake kisingeweza.

Fundi wetu yuko upande gani? Hapo ndipo lile bomba la bati, ambalo pengine hakulitaja kwenye dai kwa kuliona ni kitu kidogo, linapokuwa kila kitu. Upepo wake ni ule wa kupozea injini, tayari una joto. Unakausha na kuondoa unga baada ya taya na kabla ya nyundo, ili nyundo zisisage upya kilichokwisha kusagika na ili matundu ya chini yasizibe. Kama taya, injini na nyundo vinasaidiana hivyo, si majirani tu. Akidai kwamba upepo unaondoa na chumvi, nashauri afute. Chumvi iliyoingia ndani ya vinyweleo haipeperuki, na mchunguzi atamtaka athibitishe.

Uchunguzi wa kina namna hii, kwa fundi wa Tanzania Bara, kwa kawaida hufanyika Harare, Zimbabwe. Huko ndiko makao ya ARIPO, shirika la miliki bunifu lililotokana na Mkataba wa Lusaka wa 1976. Itifaki ya Harare ya 1982 ndiyo iliyolipa uwezo wa kuchunguza na kutoa hataza kwa niaba ya nchi wanachama. Anaweza kuwasilisha ombi kupitia BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, ataje nchi anazotaka, na ofisi ya Harare ikikubali, kila nchi iliyotajwa ina miezi sita ya kusema kwake haitatambuliwa. Zanzibar ina sheria yake ya miliki ya viwanda, kwa hiyo usidhani karatasi ya Bara inavuka tu bahari.

Na hataza ikitoka, haimpi ruhusa ya kuvunja hata jiwe moja. Watu wengi hawalijui hili. Hataza ni haki ya kuwazuia wengine wasiitengeneze wala kuiuza mashine hiyo, basi. Jibondo iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995 katika maji ambayo matumbawe hai yalikuwa yakivunjwa kwa ajili ya kujengea na kuchoma chokaa. Jiwe la nchi kavu ni jambo jingine, lakini nalo lina taratibu zake, na hakuna cheti cha Harare kinachozipita.

Upande wa pili wa sheria ya hataza unamfaa fundi wetu zaidi kuliko anavyofikiri. Hataza hulinda katika nchi ilikosajiliwa tu, na hukoma, kwa kawaida baada ya miaka 20. Ya Blake ni mali ya wote tangu karne ya 19. Mashine nyingi nyingine za B02C hazikuwahi kusajiliwa Tanzania kabisa, na michoro yake, yenye vipimo na maelezo, iko wazi kwenye hifadhidata za bure kama Espacenet na PATENTSCOPE. Akikagua kwanza kama hakuna hataza hai nchini, anaweza kuchukua pembe ya taya kwa huyu na umbo la nyundo kwa yule bila kumlipa mtu. Kama nia yake ni kokoto na wala si jina, hapo ndipo ningeanzia.

Akishikilia kutaka cheti, kuna pia hati ndogo ya ubunifu ambayo sheria ya Tanzania haiidai hatua ya uvumbuzi, bali upya na manufaa tu. Muda wake ni mfupi kuliko wa hataza. Kwa hataza kamili atahitaji kumjibu mchunguzi kwa ushahidi ndani ya muda aliopewa, na ushahidi wenyewe unaweza kupatikana pale pale kisiwani. Mawe ya shimo moja, yapimwe kwa mizani, yagawanywe mafungu mawili. Fungu la kwanza livunjwe bomba likiwa wazi, la pili likiwa limezibwa. Kinachotoka kichekechwe kwa chekeche la wavu mmoja, kokoto zipimwe, unga upimwe, na muda mashine ilipoziba uandikwe. Kisha arudie siku ya kusi kavu na siku ya unyevu wa masika, kwa sababu mchunguzi mzuri atauliza.