Kumbukumbu moja, shilingi tatu
Wasaidizi wa akili mnemba wanaoandika programu ni wepesi wa kusahau. Mazungumzo mapya yakianza, ya jana hawayakumbuki, na mtaalamu hulazimika kueleza upya. Ndiyo maana baadhi ya timu huwawekea kumbukumbu ya pamoja: faili au hifadhidata ambayo kila msaidizi huisoma kabla ya kuanza kazi.

Kwa timu yenye watu Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, faida ni wazi. Kwa kiwango cha ISO 4217, shilingi ya Kenya na ya Tanzania zina tarakimu mbili za senti. Ya Uganda haina. Mmoja akiliandika hilo, wasaidizi wa wenzake nao watalijua.

Lakini akiandika kimakosa, kosa nalo huvuka mpaka, na mteja wa Kampala anaweza kutozwa mara mia ya bei. Taarifa za wateja zikiingizwa humo, zitasomwa na timu nzima, ilhali Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda data mwaka 2019, na Tanzania 2022.

Kumbukumbu ya pamoja, basi, inahitaji mhariri: binadamu anayekagua kinachoingia na kufuta kilichopitwa na wakati.