Sanduku la njano halitafuti rupia

Kila ukurasa huu unapogusa habari za madini, maswali kutoka wilaya za Serengeti na Tarime hayakawii kuja. Safari hii mengi yanafanana. Mtu wa Natta, Mugumu au Nyamongo amekuta kisanduku cha chuma cha zamani kwenye vitu vya marehemu babu, au kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kina mshikio juu, mshale nyuma ya kioo, na waya mnene unaoishia kwenye kijibomba. Anataka kujua kama ndicho kile kinachoona zebaki nyekundu na rupia za Mjerumani, na kama kweli kinauzwa kwa mamilioni anayoyasikia.

Zebaki nyekundu haipo. Haijawahi kuonekana katika maabara yoyote, na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilishalikana jambo hilo hadharani. Mwaka 2009 watu nchini Saudi Arabia walinunua cherehani kuukuu za Singer kwa bei za ajabu wakiamini zimefichwa zebaki hiyo, wakaishia kubaki na cherehani. Kwetu uongo huohuo umehamia kwenye rupia, redio za mkulima na runinga za kichogo, na kwa kuwa boma la Wajerumani la Ikoma haliko mbali na Natta, tapeli anakuta hadithi imeshaandaliwa. Kisanduku hicho ni kipima mionzi, na rupia ni sarafu ya fedha. Haitoi mionzi, na ukiilaza juu ya kipima mionzi mshale hautatikisika kwa ajili yake. Kifaa kinachonusa chuma ardhini ni kingine kabisa, na anayekuuzia hiki kwa kazi ile anakuibia.

Sasa tukitambue. Kama ni cha njano, kina alama ya duara na pembetatu yenye herufi CD, na kina waya wenye kidomo, kile kijibomba cha mwishoni, yaelekea ni CD V-700 ya Marekani, iliyotengenezwa kwa ajili ya ulinzi wa raia enzi za vita baridi. Kama ni cha njano vilevile lakini hakina waya wala kidomo, huenda ni CD V-715. Hapa ndipo wengi wanapopotea. CD V-715 ilibuniwa kupima mionzi baada ya bomu la nyuklia, hadi rontijeni 500 kwa saa. Ukiiweka juu ya jiwe lenye urani itasoma sifuri, nawe utasema jiwe ni salama au mashine ni mbovu, na yote mawili yanaweza kuwa si kweli. Chenye maandishi ya Kirusi na kidomo kwenye fimbo huwa cha jamii ya DP-5, cha jeshi la Kisovieti.

Kinacholia ni kile kijibomba, kazi ya Hans Geiger na Walther Müller ya mwaka 1928, na ufundi wake unastahili kuelezwa taratibu. Ndani kuna gesi kidogo, agoni au neoni, na katikati umepita uzi mmoja wa chuma. Kati ya uzi na ukuta wa bomba kuna umeme mkali. Katika CD V-700 ni volti zipatazo 900. Gesi haipitishi umeme, kwa hiyo kumetulia. Chembe moja ya mionzi ikiingia, inang'oa elektroni moja kutoka kwenye atomu ya gesi. Elektroni hiyo inavutwa na uzi, na kadiri inavyoukaribia ndivyo kasi inavyopanda, hadi inapogonga atomu nyingine na kung'oa elektroni ya pili. Mbili zinakuwa nne, nne zinakuwa nane, na kufumba na kufumbua mamilioni yameshaporomokea kwenye uzi. Huo ndio mlio mmoja unaousikia. Fikiria: tukio la atomu moja, lisiloonekana kwa hadubini yoyote ya shule, limekuwa sauti sikioni mwako.

Lakini mporomoko huo ukiachwa hautakoma wenyewe. Ndiyo maana huchanganywa gesi ya pili ya kuuzima. Katika mabomba ya kale ilikuwa mvuke wa pombe, ambao huliwa kidogo kila mlio hadi bomba linakufa kwa uzee. Baadaye ikatumika jamii ya klorini na bromini, ambayo hujiunga upya, na ndiyo sababu bomba la miaka 60 linaweza kuwa zima leo. Baada ya kila mlio bomba huwa kiziwi kwa takriban sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Mionzi ikizidi mno, halipati nafasi ya kuzinduka, na mshale unaweza kurudi sifuri mahali palipo na hatari kubwa kuliko pote.

Kukifufua si kazi ya miujiza. Fundi redio mwenye mkono mtulivu anaiweza. Toa betri zilizovuja, safisha unga mweupe wa betri za alikalaini kwa siki, kausha, piga msasa miguu ya betri. Kapasita za karatasi za enzi hizo huwa zimechoka, zibadilishe. Subiri umeme uishe kabla ya kugusa ndani. Ukipima zile volti 900 kwa mita ya kawaida utaona pungufu, kwa sababu mita yenyewe inazinyonya, basi usikimbilie kung'oa transfoma. Usikwangue kibati kilichobandikwa ubavuni mwa CD V-700, kina chanzo kidogo cha mionzi cha kujaribia. Na kifaa chochote chenye rangi ya radiamu kwenye namba zake kiache kimefungwa. Rangi hiyo huacha kung'aa kwa sababu kemikali inayotoa mwanga imechakaa, ilhali radiamu yenyewe hupungua nusu kwa miaka 1,600.

Kikiwaka, kitalia mara mojamoja bila mpangilio hata kikiwa mezani. Hiyo ni mionzi ya kawaida ya ardhi na anga, si uchawi wala urani chini ya sakafu. Kisha, ili kukijaribu, tafuta kile kijifuko cheupe cha wavu kinachowaka ndani ya karabai za zamani, kama zile za wavuvi wa dagaa wa Musoma. Vingi vya zamani vilitiwa thoriamu, ambayo hutoa mionzi. Zungusha kifuniko cha kidomo kiache uwazi, kisogeze karibu, na milio itaongezeka papo hapo. Kijifuko kiguse kidogo, wala usikivunjevunje.

Mnara wa simu hautakiliza. Mawimbi yake hayana nguvu ya kung'oa elektroni. Wanaowauzia wazazi wetu mikufu ya "nishati" ya kukinga mionzi ya minara wanastahili kukemewa hadharani: Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi ilionya kuwa bidhaa kumi za namna hiyo zenyewe ndizo zinazotoa mionzi. Mnunuzi anauvaa mkufu huo shingoni usiku na mchana, na bado amelipia! Wala kipima mionzi hakipimi saratani, hata akishike nani mwenye koti jeupe.

Kipimo chenyewe kinahitaji kusawazishwa, na maabara ya kazi hiyo ipo Arusha, kwenye Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Kabla ya hapo, mshale wako unakuambia mionzi ipo au haipo, hausemi ni kiasi gani. Iulizeni Tume pia utaratibu wa kisheria kabla ya kununua au kuuza.

Kwa wanaonunua vyuma chakavu nina neno zito zaidi. Septemba 1987 mjini Goiânia, Brazili, mashine ya tiba ya mionzi iliyotelekezwa ilivunjwa ikauzwa kama chuma chakavu. Unga wa siziamu uliong'aa buluu ukagawiwa kwa ndugu na jirani. Watu wanne walifariki, na watu wapatao 112,000 walipimwa. Mwanafizikia aliyegundua chanzo aliazima kipima mionzi cha watafuta urani. Kilipopanda hadi mwisho alidhani ni kibovu, akarudi kuchukua cha pili.

Ukikuta chuma kizito kupita kiasi, chenye alama ya mapanga matatu, usikikate, usikipakie, usikipeleke nyumbani. Sogeza watu mbali, toa taarifa polisi na kwa Tume hiyo.