JE, UVIVU NI WA KURITHI? Habari za Panya Wakimbiaji wa Marekani

Wahenga walisema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Lakini wahenga hao hao walisema pia, "Samaki mkunje angali mbichi." Methali ya kwanza yafundisha kwamba tabia huja na damu, ya pili, kwamba tabia hutokana na malezi. Mzazi mwenye watoto wawili, mmoja asiyetulia tangu alfajiri na mwingine apendaye kukaa kivulini, hujiuliza ni methali ipi iliyo ya kweli, na kama ni haki kumlaumu huyo wa pili. Wataalamu wamelichunguza swali hili kwa kutumia panya.

Jaribio mashuhuri la namna hii lilianzishwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, na mtaalamu aitwaye Theodore Garland, ambaye baadaye alilihamishia Chuo Kikuu cha California mjini Riverside. Njia aliyoitumia si ngeni kwa mkulima. Mkulima mwenye busara hachukui mahindi yoyote ghalani kuwa mbegu. Huchagua yaliyo bora, akayapanda, na mwaka ufuatao akachagua tena. Garland alifanya vivyo hivyo, ila yeye hakutafuta ukubwa wala unono, bali kupenda kukimbia.

Panya weupe wa maabara waligawanywa katika makundi 8. Kila panya kijana aliwekwa peke yake kwa siku 6 katika kizimba kilichounganishwa na gurudumu, naye alikuwa huru kuingia katika gurudumu hilo na kutoka apendavyo. Hakuvutwa kwa chakula wala hakulazimishwa. Mizunguko ya gurudumu ilihesabiwa, na hesabu iliyotumiwa ni ya siku ya 5 na ya 6, panya akiisha kuzoea. Katika makundi 4, dume na jike waliowashinda wenzao wa tumbo moja kwa kukimbia ndio waliochaguliwa kuzaa, lakini ndugu hawakuruhusiwa kupandana. Katika makundi 4 mengine wazazi walichukuliwa bila kuangalia mbio zao, ili watoto wao wawe kipimo cha kulinganishia.

Kufikia kizazi cha 10, panya wa makundi yaliyochaguliwa walikimbia kila siku kwa asilimia 75 zaidi ya wenzao. Vizazi vilipozidi kupita, tofauti hiyo ilikaribia mara 3. Wala wazazi wao hawakuwafundisha, maana kila kijana aliliona gurudumu kwa mara ya kwanza siku alipokuja kupimwa. Basi ni dhahiri kwamba jambo fulani lilipitishwa kwa njia ya jeni, yaani chembe za urithi.

Je, kilichorithiwa ni nguvu ya mwili tu? La, hata hamu ilirithiwa. Wakimbiaji hao walipozuiliwa wasifike kwenye gurudumu walilolizoea, sehemu fulani za ubongo wao zilionekana kufanya kazi zaidi kuliko za panya wa kawaida, mfano wa mtu aliyezoea tumbaku akiikosa.

Lakini msomaji asikimbilie kusema kwamba methali ya kwanza imeshinda. Kabla ya kizazi cha 30 ongezeko la mbio lilikoma, ingawa uchaguzi uliendelea. Tena hakuna jeni moja ya bidii. Katika makundi 2 kati ya yale 4 ilionekana hali ya kurithi ambayo hupunguza misuli ya miguu ya nyuma karibu nusu. Katika mengine 2 haikuonekana, na bado yote yalikuwa ya wakimbiaji hodari. Chakula nacho kina nguvu yake: mwaka 2010 ilitangazwa kwamba madume wa ukoo wa wakimbiaji, walipolishwa mafuta na sukari nyingi, walizidi kukimbia.

Kwa upande wa wanadamu, mwaka 2006 ulitolewa uchunguzi wa jozi 37,051 za mapacha kutoka nchi 7, nao ulionyesha kwamba urithi una sehemu kubwa katika tofauti za watu wanaofanya mazoezi na wasiofanya. Hizo ni habari za watu wengi pamoja; hazimwambii mzazi lolote la hakika juu ya mtoto wake mmoja.

Yafaa kukumbuka jambo moja zaidi. Panya wale ambao hawakuchaguliwa, ambao mtu angeweza kuwaita wavivu, kwa wastani walikimbia kilomita kadhaa kila siku mara walipopewa gurudumu. Hawakukosa uwezo, walizidiwa tu na wenzao. Basi mzazi asimdharau mtoto aliye mzito wa kuinuka, wala asikate tamaa juu yake. Huenda safari yake ni ngumu kidogo kuliko ya ndugu yake. Lakini kwanza apewe nafasi ya kukimbia.