Gari Likilia "Tak", Msing'oe Fyuzi
Tumeulizwa juu ya mlio wa "tak" unaosikika gari likianza kutembea. Magari mengi ya siku hizi yana mtambo wa kuzuia magurudumu kuteleza, na hapo huwa unajipima wenyewe. Kwenye matope hulia tak-tak-tak kwa sababu unashika breki na kuachilia upesi upesi. Si ugonjwa.

Kupunguza kelele, kanyageni mafuta polepole penye utelezi. Fundi naye akague bolti na mipira inayoshikilia mtambo; ikilegea, mlio huzidi. Lakini akitaka kung'oa fyuzi, tunawasihi mkatae kabisa! Mara nyingi breki za ABS hutegemea mtambo huo huo, na gari lenu hubeba akina mama wajawazito. Taa ya onyo ikikataa kuzima, pelekeni gari gereji siku hiyo hiyo.