Kabla ya Kusaini "Sina Madai"

Mfanyakazi akishapeleka barua ya kuacha kazi, ofisi ya rasilimali watu humletea karatasi zake: fomu ya makabidhiano, mchanganuo wa malipo ya mwisho na, mara nyingi, tamko fupi kwamba hana madai yoyote dhidi ya mwajiri. Hilo tamko ndilo la kusomwa mara mbili.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimwachi mikono mitupu anayeondoka mwenyewe. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya maandishi ya siku 28, kisha anastahili mshahara wa siku alizofanya kazi, fedha za likizo ambayo hakuichukua, pamoja na cheti cha utumishi. Akigoma kuitumikia notisi, mwajiri anaruhusiwa kukata fedha ya siku hizo. Likizo ndiyo husahaulika kwenye mchanganuo. Aanze kukagua hapo.

Asichopata ni kiinua mgongo. Hicho hulipwa mwajiri anapomwachisha mtu kazi: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, isizidi miaka 10. Ndiyo maana maneno "kwa hiari" yana bei.

Tuseme karani wa ghala analipwa 780,000/- kwa mwezi, siku sita kwa wiki, na ana miaka mitano kazini. Biashara imeyumba, bosi anamwita: "Andika tu barua ya kuacha, tuachane kwa wema." Akiiandika, anaacha mezani kiinua mgongo cha 1,050,000/-, na fao la upotevu wa ajira la NSSF nalo halimhusu aliyeacha kwa hiari. Wema wa upande mmoja huo!

Sheria humhesabu kuwa ameachishwa hata yule aliyejiuzulu kwa sababu mwajiri alifanya kazi isivumilike. Lakini ni lazima athibitishe, na barua iliyotaja "sababu binafsi" na kuushukuru uongozi kwa ushirikiano itasomwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Kukiri kupokea fedha si sawa na kufuta madai. Asiyeridhika anaweza kuandika juu ya sahihi yake, "Nimepokea, sikubaliani na hesabu ya likizo," aweke tarehe na kuomba nakala papo hapo. Tarehe ni muhimu: malalamiko ya kuachishwa isivyo halali hufikishwa kwenye Tume ndani ya siku 30, madai mengine ndani ya siku 60.