Sura ya Nne: Kabla Hujatoa Hela

Msimu mmoja wa pamba nilikaa nusu siku na karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, nje kidogo ya mji wa Bariadi. Mezani kwake palikuwa na daftari la mizani, laptop, na kalkuleta ndogo ambayo namba za vitufe vyake zilishafutika. Alikuwa anasoma kilo kwenye daftari na kuziingiza kwenye Excel, mkulima mmoja baada ya mwingine. Alipomaliza safu, akaisogeza laptop pembeni, akavuta kalkuleta, akaanza kujumlisha namba zilezile zilizokuwa zinamtazama kwenye kioo. Katikati simu ikaita. Alipoikata hakukumbuka ameishia wapi, akaanza upya.

"Mzee, hiyo kalkuleta ya nini tena?"

"Ya hesabu," akanijibu. "Kompyuta si ya kuandikia tu, mwanangu?"

Sikucheka, kwa sababu wengi wetu tumefundishwa hivyohivyo. Tulisoma kozi ya miezi mitatu, tukajifunza kuwasha, kuchapa, kusevu na kuprinti, tukapewa cheti. Tangu hapo kompyuta imekuwa taipureta yenye kioo, na kila kinachozidi hapo tunakilipia steshenari au tunamwomba kijana atuwekee programu kutoka kwenye flashi yake. Sura hii ni ya vitu ambavyo tayari vimo ndani ya mashine, na vichache vya bure ambavyo havimo.

Turudi kwa mzee. Nilimwambia aburure kipanya kuanzia kilo za mkulima wa kwanza hadi wa mwisho, asibonyeze kitu kingine, kisha atazame ukingo wa chini wa dirisha, upande wa kulia. Hapo Excel huonyesha jumla, wastani na idadi ya visanduku ulivyochagua. Kwake ilionyesha idadi peke yake, jumla haikuwepo. Akanigeukia kwa jicho la "si nilikwambia?"

Kosa lilikuwa kwenye uandishi. Alikuwa ameandika "45 kg", "kilo 62", "38kgs". Kwa Excel, kisanduku chenye herufi ndani yake ni maneno, na maneno hayajumlishwi. Kipimo kinaandikwa mara moja tu, juu ya safu: Kilo. Chini yake ziende namba tupu. Tulizifuta herufi zote, kazi ya dakika 20 hivi, kisha akasimama kwenye kisanduku kitupu chini ya safu, akashikilia Alt na kubonyeza alama ya sawasawa, halafu Enter. Jumla ikatokea. Nikamwambia abadilishe kilo za mkulima mmoja katikati. Alipobadilisha, jumla ya chini nayo ikabadilika bila kuguswa. Akairudisha ile namba, akaibadilisha tena, mara tatu nne, anatazama chini tu.

Bariadi ipo Simiyu, mkoa unaotajwa kwanza pamba inapozungumzwa nchini. Kuanzia Dutwa hadi Mwanhuzi, kilo ya mkulima ni ada ya shule na bati la nyumba. Karani anayejumlisha kwa kubahatisha anagusa mfuko wa mtu. Ndiyo maana nimeanza na hili, na ndiyo maana nimelikalia. Ongeza na jambo dogo: Ctrl na F hutafuta jina kwenye orodha nzima. Kwenye kijiji chenye kina Masanja kumi na wawili, utashukuru.

Umeme sasa. Mwaka fulani nilikuwa steshenari moja hapa mjini, kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri, nikiandika barua ya kurasa nne. Umeme ukakatika nikiwa ukurasa wa nne. Nilikuwa sijasevu hata mara moja. Niliilaumu kompyuta, nikailaumu steshenari, kumbe Word ilikuwa na akili kunizidi: kwa kawaida huweka nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, hata kama hujasevu. Ukiifungua tena baada ya umeme kurudi, mara nyingi inakuletea yenyewe kile ilichookoa. Mimi nilikifunga bila kukisoma. Ingia File, kisha Options, kisha Save, upunguze hizo dakika 10 ziwe 2. Kwa umeme wetu, 10 ni nyingi. Hata hivyo usiitegemee kama ndiyo kusevu kwenyewe. Ctrl na S ibaki kuwa mazoea ya vidole.

Bando nalo lina mwizi wake, na mwizi huyo anaitwa sasisho. Unaunganisha laptop na simu ili utume barua pepe moja, kumbe Windows imeona intaneti na inajishushia mafaili makubwa nyuma ya pazia. Haijui kwamba unalipa kwa MB. Mwambie: fungua Settings, nenda kwenye mtandao na intaneti, bofya jina la Wi-Fi ya simu yako, washa palipoandikwa Metered connection. Kuanzia hapo itaahirisha sehemu kubwa ya mizigo hiyo kila ukitumia simu ileile. Lakini masasisho yana kinga za usalama ndani yake, kwa hiyo ukifika penye intaneti isiyopimwa iache ijishushie ishibe.

Vijana wanaoomba kazi kwenye Ajira Portal, tovuti ya serikali ya maombi ya kazi, wanalijua hili: nyaraka zinatakiwa PDF. Nimeona mtu akilipia kugeuza barua yake ya Word kuwa PDF, na mwingine akiipandisha, pamoja na vyeti vyake, kwenye tovuti asiyoijua mwenyewe wake. Tangu Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, mashine ina printa isiyotumia karatasi. Bonyeza Ctrl na P, mahali pa kuchagua printa chagua Microsoft Print to PDF, ipe faili jina. Basi.

Kukopi na kupesti unakujua. Kulibuniwa na Larry Tesler na wenzake kwenye maabara ya Xerox huko California miaka ya 1970, na kwa muda mrefu kulikuwa na kasoro moja: ukikopi kitu cha pili, cha kwanza kimepotea. Siku hizi bonyeza kitufe cha Windows pamoja na V, uikubalie iwashe, nayo itakutunzia hadi vitu 25 vya mwisho ulivyokopi. Ila kwenye kompyuta ya umma usiiwashe. Anayekaa baada yako ataiona hata nywila uliyokopi.

Kama laptop yako haina Word, usikimbilie ile ya kuvunjwa kufuli inayozunguka kwenye flashi. Mara nyingi huja na wageni wengine usiowaalika. LibreOffice ni ya bure kihalali, inaandika, inapiga hesabu, inafungua mafaili ya Word na Excel. Ukoo wake umewahi kusema Kiswahili mapema kabisa: Desemba 2004, mradi wa Kilinux uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, seti ya programu za ofisini iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ikajengwa juu ya OpenOffice, ambayo ndiyo iliyoizaa LibreOffice mwaka 2010. Nasikitika kwamba walimu wengi wa kompyuta niliokutana nao hawajawahi kuisikia Jambo OpenOffice.

Na hizo flashi, kabla hujafungua faili lolote, bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uichunguze kwa Defender, kinga iliyomo ndani ya Windows bila malipo. Ukikuta mafolda yako yamegeuka vijishale vya njia ya mkato, usibofye hata kimoja.

La mwisho ulifanye leo hiihii, kabla hujaifunga kompyuta. Fungua Notepad. Mstari wa kwanza andika nukta kisha LOG kwa herufi kubwa, bila nafasi: .LOG. Sevu kwa jina unalotaka, funga, halafu lifungue tena. Utakuta tarehe na saa zimeshaandikwa, na kishale kinakungoja chini yake. Kila utakapolifungua itakuwa hivyo. Andika kilo ulizopokea, deni ulilokopesha, au siku mvua iliponyesha.