Mwingilio wa Sumakuumeme katika Mifumo ya Uwashaji: Maana, Kinga ya Mwanga na Matumizi ya Istilahi

Mfumo wa uwashaji ni mpangilio wa vifaa unaoanzisha moto au mlipuko kwa wakati uliokusudiwa. Injini ya petroli inao, nao huwasha mchanganyiko wa hewa na mafuta ndani ya silinda. Roketi inao, na kiti cha rubani wa ndege ya kivita kinachorushwa nje wakati wa hatari kinao pia. Katika mifumo hii yote sharti ni moja: kisiwake kitu kabla hakijawashwa. Umeme usioalikwa ndio unaotishia sharti hilo, na mwanga ni mojawapo ya njia za kulilinda.

Kuwaka na kuwasha

Kitenzi *waka* hueleza hali ya kitu kushika moto, bila kumtaja mtendaji. *Washa* humleta mtendaji. Kwa hiyo *uwakaji* ni tukio, na *uwashaji* ni tendo. Hati za usalama zinahitaji tofauti hiyo. Sentensi "kiwashi kiliwaka" haisemi kwamba kuna aliyekiwasha, na huenda hiyo ndiyo ajali yenyewe.

Mfasiri akumbuke pia kwamba *washa* hutumika kwa taa, redio na mashine. Agizo "washa mfumo wa uwashaji" laweza kueleweka kuwa ni kuupa mfumo umeme ili ukaguliwe, au kuufyatua. Penye hatari ni heri kuandika "upe mfumo umeme" kwa maana ya kwanza, na "fyatua" au "anzisha uwakaji" kwa maana ya pili.

Mwingilio au mwingiliano?

*Ingilia* ni kuingia katika jambo la mwingine bila idhini, na nomino yake ni *mwingilio*. *Ingiliana* ina kiambishi cha kutendana, nayo huzaa *mwingiliano*. Kwa Kiingereza neno moja hubeba maana mbili za kifizikia, ndiyo maana tafsiri nyingi huandika *mwingiliano* kila mahali.

Mawimbi mawili ya mwanga yanapokutana, yakaongezana au kufutana, kila moja huathiri matokeo, hivyo *mwingiliano* unafaa. Mawimbi ya rada yanapopenya katika waya za roketi, roketi hairudishii rada chochote cha maana. Hapo *mwingilio wa sumakuumeme* ni sahihi zaidi. *Mwingiliano* umekwisha kuzoeleka na hauwezi kuitwa kosa, ila katika makala inayozungumzia mwanga na usumbufu wa redio kwa pamoja, kutenganisha maneno hayo humwondolea msomaji utata.

Jinsi umeme usioalikwa unavyoingia

Kiwashi cha umeme cha kawaida kina uzi mwembamba wa metali uliozungukwa na kemikali inayoshika moto kwa urahisi. Mkondo ukipita, uzi hupata joto na kemikali huwaka. Waya mbili zinazoleta mkondo huo ndizo mlango wa hatari, kwa kuwa waya yoyote iliyo mbele ya mawimbi ya redio ni antena, apende fundi asipende. Tena joto la uzi halijali mkondo unaelekea upande gani. Mkondo wa redio unaogeuka mara mamilioni kwa sekunde huupasha uzi joto kama ule wa betri.

Uzito wa jambo hili ulionekana tarehe 29 Julai 1967 katika Ghuba ya Tonkin. Roketi aina ya Zuni ilifyatuka yenyewe kutoka katika ndege iliyoegeshwa juu ya manowari ya Marekani, USS Forrestal, ikagonga ndege nyingine na kusababisha moto na milipuko iliyoua watu 134. Kisa hiki mara nyingi husimuliwa kama kazi ya rada. Uchunguzi, hata hivyo, uliihusisha ajali na msukumo wa ghafla wa umeme ndege ilipohamishwa kutoka umeme wa nje kwenda umeme wake yenyewe. Mwandishi makini asiuite huo mwingilio wa mawimbi. Funzo linabaki lile lile: kiwashi hakiwezi kutofautisha umeme ulioagizwa na umeme uliopotea njia.

Injini ya gari nayo ina pande mbili za tatizo. Mwishoni mwa miaka ya 1880, Heinrich Hertz alizalisha mawimbi ya redio maabarani kwa kutumia cheche. Kila plagi hufanya hivyo hivyo bila kukusudia, na mlio wa kukwaruza unaopanda na kushuka redioni kwa kufuata mwendo wa injini ni ushahidi wake. Mfumo wa uwashaji wa gari, basi, huingilia na huingiliwa.

Kinga za kawaida

Waya husokotwa pamoja ili usumbufu unaoingia katika mmoja ulingane na unaoingia katika mwenziwe. Huvikwa *ngao*, yaani wavu au bomba la metali. Huwekewa *kichujio* kinachozuia mawimbi ya redio na kupitisha mkondo uliokusudiwa. Plagi za magari hutiwa ukinzani ndani yake ili kupunguza mawimbi ya cheche. Viwashi vyenyewe hufanywa viwe vizito kuwaka: kanuni itumiwayo sana Marekani hutaka kiwashi kistahimili ampea 1 na wati 1 kwa dakika 5 bila kuwaka. Kinga hizi husaidia sana, lakini zote huacha njia ya metali mahali pake. Ngao ikipasuka, au kiungio kikipata kutu, mlango hufunguka tena.

Njia ya mwanga

Unyuzi wa kioo haupitishi umeme, hivyo hauwi antena. Hutumika kwa namna mbili zisizopaswa kuchanganywa.

Katika namna ya kwanza, mwanga hubeba *ishara* tu. Katika miaka ya 1980, Nissan iliweka ndani ya distributa za baadhi ya injini zake sahani yenye matundu membamba 360. Sahani inapozunguka, hukatiza miale inayotoka katika diodi ya mwanga, na kifaa cha upande wa pili huhesabu miale hiyo ili kujua wakati wa kutoa cheche. Cheche yenyewe bado ni ya umeme.

Katika namna ya pili, mwanga hubeba *nishati* yenyewe. Leza hutuma mwale mkali kupitia unyuzi wa kioo hadi kwenye kemikali, ikaipasha joto mpaka iwake. Kwenye kiwashi hakuna waya wala uzi wa metali, kwa hiyo mawimbi ya redio hayana pa kushika.

Hata hivyo, usemi "mfumo wa mwanga hauathiriwi na sumakuumeme" umezidi kipimo. Leza huendeshwa kwa umeme, na saketi yake huhitaji ngao na vizuizi vya usalama. Kinachosahihi kusema ni kwamba *njia* haiathiriwi. Mwanga pia una adui zake: chembe ya vumbi kwenye kiungio hupunguza nguvu ya leza, unyuzi uliokunjwa mno huvujisha mwanga, na mafuta yakiingia katika distributa huziba matundu ya sahani.

Uzi, unyuzi, faiba, mkongo

Nchini Tanzania, jina *Mkongo wa Taifa* limeeneza neno *mkongo* kwa kebo kuu ya mawasiliano yenye nyuzi nyingi. Neno hilo halifai kwa unyuzi mmoja ulio ndani ya kifaa. *Faiba* inaeleweka na wengi, na *unyuzi wa kioo* (wingi: *nyuzi za kioo*) hufaa maandishi rasmi. Kwa kuwa kiwashi cha umeme nacho kina *uzi*, mfasiri aandike daima *uzi wa metali* na *unyuzi wa kioo*. Fundi anayesoma "kagua uzi" peke yake hawezi kujua kama achukue kipimo cha umeme au cha mwanga, na kupima kiwashi cha umeme kwa kifaa kisichofaa kwaweza kukiwasha.